Dawa Isiyochoma na Damu Inayoganda

Mwaka 1982 Doha ilipata Hospitali Kuu ya Hamad. Tangu 1957 mzigo mkubwa wa wagonjwa wa mji huo ulikuwa ukibebwa na Hospitali ya Rumailah. Sasa kukawa na hospitali mpya chini ya Shirika la Tiba la Hamad, lililoundwa mwaka 1979. Mwaka huohuo wa 1982, mbali sana na joto la Ghuba, kampuni ya Nyegaard ya Oslo, Norway, iliingiza sokoni dawa ya eksrei iliyo angavu kama maji, kwa jina la biashara Omnipaque. Hospitali ilijengwa ili watu wasisafiri tena kutafuta tiba. Dawa ilitengenezwa ili watu wasiumie tena wakipigwa picha za mishipa. Miaka mitano baadaye ilibainika kwamba dawa hiyo ya upole ina jambo lake, nalo linahusu damu.

Kazi ya dawa hizi ni rahisi kueleza. Eksrei huonyesha mifupa kwa sababu mifupa huzuia miale. Damu na nyama ya moyo haziizuii kwa tofauti ya kutosha, kwa hiyo mishipa haionekani. Ukiingiza ndani ya mshipa kitu kizito kinachozuia miale, mshipa hujichora wote kwenye skrini, pamoja na mahali palipobana. Kitu hicho ndicho madaktari wanachokiita kontrasti, na kwa karibu miaka mia moja uti wake wa mgongo umekuwa iodini.

Majaribio ya kwanza hayakufanywa kwa walio hai. Mwezi Januari 1896, wiki chache tu baada ya Wilhelm Röntgen kutangaza miale yake, Haschek na Lindenthal wa Vienna walijaza mishipa ya mkono uliokatwa wa maiti kwa mchanganyiko wenye chokaa na mafuta, wakaupiga picha kwa dakika 57. Mishipa ilitokea, mizuri kama matawi ya mti. Mtu aliye hai angekufa.

Iodini iliingia kwa mlango wa kaswende. Katika Kliniki ya Mayo, Marekani, mwaka 1923, Earl Osborne na wenzake waliona kwamba wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakitibiwa kwa sodiamu iodidi walikuwa na vibofu vinavyoonekana kwenye eksrei. Mwaka 1927, huko Lisbon, Egas Moniz akatumia chumvi hiyo kuonyesha mishipa ya ubongo. Na mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akateremka ngazi hadi chumba cha eksrei, akapigwa picha mrija ukiwa umefika moyoni. Wakubwa wake hawakufurahi. Kamati ya Nobel ilimkumbuka mwaka 1956, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Hata baada ya Forssmann, mishipa ya moyo yenyewe, ile miembamba inayoulisha msuli wake, iliogopwa. Wengi waliamini kwamba kumwaga kontrasti moja kwa moja ndani yake ni kumwua mgonjwa. Imani hiyo ilivunjika kwa bahati mbaya. Tarehe 30 Oktoba 1958, katika Kliniki ya Cleveland, Mason Sones alikuwa akimchunguza kijana wa miaka 26 mwenye ugonjwa wa vali. Ncha ya mrija ikateleza ikaingia kwenye mshipa wa moyo wa upande wa kulia, na kontrasti nyingi ikamiminika humo kabla mtu hajawahi kuizuia. Moyo ukasimama. Sones, akiwa tayari kutafuta kisu cha kufungulia kifua, alimwamuru mgonjwa akohoe. Mgonjwa akakohoa, kikohozi kikasukuma dawa nje ya mshipa, moyo ukaanza kupiga tena. Mgonjwa alipona, na Sones akajua kwamba jambo lililokatazwa linawezekana. Angiografia ya moyo ilizaliwa siku hiyo.

Katika miaka iliyofuata, hatari iliyowasumbua madaktari zaidi haikuwa kontrasti. Ilikuwa mrija wenyewe. Sones aliingilia mkononi. Melvin Judkins, mwaka 1967, alitengeneza mirija iliyokunjwa tayari ambayo ilipitishwa pajani, na kazi ikawa nyepesi hata kwa mikono isiyo na uzoefu mkubwa. Mwaka 1973 Douglas Adams na wenzake walichapisha hesabu ya uchunguzi karibu 47,000 uliofanywa katika hospitali za Marekani. Vifo kwa njia ya paja vilikuwa asilimia 0.78, kwa njia ya mkono asilimia 0.13. Sehemu kubwa ya shaka iliangukia mabonge ya damu: damu ilikuwa ikiganda juu ya mirija mirefu na waya, kisha vipande vinasukumwa hadi moyoni au kwenye ubongo. Mwaka huohuo madaktari wengine walichapisha ushauri wa kumpa mgonjwa heparini, dawa ya kuzuia kuganda iliyogunduliwa Johns Hopkins mwaka 1916, wakati wa uchunguzi. Hospitali nyingi zikaanza kufanya hivyo, na mirija ikaanza kusuuzwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi yenye heparini.

Kitu ambacho wachache walikizingatia wakati huo ni kwamba kontrasti za miaka hiyo, kama diatrizoati, zilikuwa zinasaidia kimyakimya. Zilikuwa chumvi. Zikiingia majini molekuli hugawanyika vipande viwili vyenye chaji, na vipande hivyo huingilia hatua za kuganda kwa damu. Damu ikichanganyika na kontrasti ya aina hiyo ndani ya sirinji, hubaki maji kwa muda mrefu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Lakini dawa hizo zilichoma. Damu ya binadamu ina vipande vilivyoyeyuka kiasi cha vipimo 290 hivi kwa kilo. Kontrasti za zamani zilifika 1,500 hadi 2,000. Mshipa ulipopokea maji mazito kiasi hicho, maji ya mwili yalikimbilia ndani yake, mishipa ikatanuka ghafla, shinikizo la damu likashuka, na mgonjwa akahisi moto ukimtambaa mwilini. Kupiga picha mishipa ya miguu kulikuwa mateso hata wengine walilazwa usingizi kwanza.

Aliyeuliza swali sahihi alikuwa Torsten Almén, daktari wa eksrei wa Malmö, Uswidi. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kutokana na kuogelea: ukifumbua macho chini ya maji ya Bahari ya Baltiki, ambayo yana chumvi kidogo, hayaumi sana, lakini kwenye pwani ya magharibi ya Uswidi, yenye chumvi zaidi, yanauma. Mzamia lulu wa Doha ya zamani angemwelewa upesi, maana maji ya Ghuba ni miongoni mwa maji ya bahari yenye chumvi nyingi duniani, gramu 40 hivi kwa kila kilo, ikilinganishwa na 35 za bahari kuu. Almén akafikiri: kama uchungu unatoka kwenye wingi wa vipande vilivyoyeyuka, basi itengenezwe molekuli ya iodini isiyogawanyika. Kazi ileile ya kuzuia eksrei ifanywe na kipande kimoja badala ya viwili.

Makala yake ilichapishwa mwaka 1969, si kwenye jarida la eksrei, bali kwenye jarida la biolojia ya nadharia. Nyegaard ya Oslo ndiyo iliyokubali kuijaribu. Zao la kwanza, metrizamidi, lilikuwa unga uliolazimika kuyeyushwa papo hapo kabla ya kutumiwa. La pili, ioheksoli, lilikuja likiwa maji tayari kwenye chupa, na hiyo ndiyo Omnipaque ya 1982. Kampuni ya Bracco ya Italia nayo ilikuwa na iopamidoli. Marekani iliziidhinisha zote mbili mwishoni mwa 1985. Bei yake huko ilikuwa mara kumi ya zile za zamani au zaidi, lakini wagonjwa waliacha kupiga kelele mezani, kutapika kukapungua, na mapigo ya moyo hayakuyumba kama zamani.

Kisha ikaja taarifa fupi kwenye jarida la Radiology, mwaka 1987. Mwandishi wake, H. J. Robertson, alieleza kuhusu mabonge ya damu aliyoyaona ndani ya sirinji za angiografia zilizokuwa na kontrasti hizo mpya. Si ndani ya mgonjwa: ndani ya sirinji, mkononi mwa daktari, wakati damu iliyorudi nyuma kupitia mrija ilipokaa pamoja na dawa. Mwaka uliofuata Julius Grollman na wenzake waliripoti matukio ya mabonge kwa wagonjwa wa angiografia ya moyo waliopewa kontrasti ya aina hiyo.

Hapo ndipo madaktari walipogundua walichokuwa nacho na kukipoteza. Kuganda kwa damu huishia kwenye nyuzi za fibrini, zinazosukana kama wavu na kunasa chembe nyekundu. Kontrasti za zamani ziliuvuruga ufumaji huo. Kontrasti mpya ziliuvuruga pia, lakini kwa kiwango cha chini zaidi. Kwa maneno ya vitabu vya dawa, hazikuongeza kuganda. Zilizuia kwa kiasi pungufu kuliko zilizotangulia. Aliyezoea kuiacha sirinji imekaa na damu ndani kwa dakika kadhaa bila balaa alikuwa akiishi kwa hisani ya dawa iliyochoma.

Ubishi uliofuata ulidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Nigel Chronos, walionyesha kwenye jarida la Circulation kwamba baadhi ya kontrasti mpya zilizisisimua chembe sahani za damu, zile zinazoanzisha bonge, wakati ioksaglati, kontrasti ya kampuni ya Guerbet ya Ufaransa iliyo na chaji lakini isiyo nzito sana, haikufanya hivyo. Waliopendelea ioksaglati walipata hoja. Wengine walijibu kwamba kilichoonekana kwenye chupa ya maabara si lazima kitokee ndani ya mshipa ambao damu inapita kwa kasi na heparini imo tayari.

Wenye viwanda wakaambiwa waandike onyo. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la kontrasti ya aina hii inasema hadi leo kwamba dawa hizi huzuia kuganda kwa kiwango kidogo kuliko zile zenye chaji. Kwamba mabonge yameripotiwa pale damu ilipokaa kwenye sirinji. Kwamba mishtuko ya moyo na viharusi, vikali na mara chache vya kuua, vimetokea wakati wa angiografia kwa dawa za aina zote mbili. Na kwamba sirinji za plastiki badala ya kioo hupunguza hatari bila kuiondoa. Kioo huamsha mfumo wa kuganda damu inapokigusa. Sentensi hizo zilibadilisha vifaa vya vyumba vya moyo kuliko mikutano mingi ya kisayansi.

Mwaka 2000 yalitoka majaribio mawili yaliyopunguza moto. Lile la COURT liliwafuata wagonjwa zaidi ya 800 waliokuwa kwenye hatari kubwa na kufunguliwa mishipa kwa puto. Waliopewa iodiksanoli, kontrasti isiyo na chaji na yenye uzito sawa na damu, walipata matatizo makubwa hospitalini kwa asilimia 5.4, na waliopewa ioksaglati kwa asilimia 9.5. Jaribio la VIP la Ulaya, lenye wagonjwa zaidi ya 1,400, halikuona tofauti kati ya dawa hizohizo mbili. Kwa hiyo dawa yenye chaji haikuthibitika kuwa kinga. Wakati huo heparini ilikuwa ya kawaida, aspirini ilitolewa mapema, na klopidogreli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ilikuwa imeanza kuenea. Kazi ya kulinda damu ilikuwa imehama kutoka kwenye chupa ya kontrasti kwenda kwenye dawa nyingine na kwenye mikono ya watu.

Doha ilikua ndani ya ubishi huo. Hajar Ahmed Hajar Al Binali, daktari wa moyo raia wa Qatar aliyesomea Marekani, alirudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970 akajenga idara ya moyo iliyohamia Hamad; baadaye alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1999 hadi 2005, na ndiye mwanzilishi wa jarida la Heart Views, linalochapisha utafiti wa moyo wa eneo la Ghuba. Tangu 1991 idara hiyo imeweka daftari la wagonjwa wa moyo wanaolazwa, na daftari hilo limekuwa chimbuko la tafiti nyingi. Mwaka 2011 ikafunguliwa Hospitali ya Moyo, iliyojitegemea, ndani ya eneo la Hamad.

Wagonjwa wanaofika hapo si kama wa Cleveland ya Sones. Utafiti wa Gulf RACE wa 2006 na 2007, uliowafuata wagonjwa zaidi ya 8,000 wa mshtuko wa moyo na maumivu makali ya kifua katika nchi sita, Qatar ikiwemo, uliwakuta wakiwa na wastani wa miaka 56 hivi, takriban muongo mmoja kabla ya umri unaotegemewa Ulaya. Sukari, sigara na shinikizo la damu vilikuwa vingi. Na katika Qatar, ambako wageni ni wengi kuliko raia, mgonjwa anaweza kuwa mjenzi kutoka Nepal, dereva kutoka Kerala, au mlinzi kutoka Kenya au Uganda, mbali na ndugu wa kumsaidia kujibu maswali muhimu: kama ana mzio wa kontrasti, kama anatumia dawa za kisukari, kama figo zake zimewahi kuugua.

Hadi miaka ya 2000 mshtuko mkali wa moyo ulitibiwa sana kwa dawa ya kuyeyusha bonge. Mwaka 2013 Doha ilianzisha huduma ya saa 24 ya kuufungua mshipa moja kwa moja kwa puto na stenti. Hapo swali la kontrasti na kuganda lilichukua sura nyingine. Mgonjwa huyu anapolazwa mezani bonge tayari limo ndani ya mshipa wake. Chembe sahani zimekasirika, damu inasimama mahali palipoziba, na kontrasti itakayomiminwa ili kulionyesha bonge itakaa hapohapo kwa sekunde kadhaa zaidi kuliko kwenye mshipa ulio wazi. Ndiyo maana aspirini na dawa ya pili ya chembe sahani hutolewa mapema, na heparini ikaingia kabla ya picha ya kwanza.

Ukitazama kwa karibu kinachofanyika katika chumba kama hicho, karibu kila tendo lina mzizi kwenye taarifa ya 1987 au hesabu ya 1973. Mrija huingizwa siku hizi mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, njia iliyofunguliwa na Lucien Campeau wa Montreal mwaka 1989. Daktari hushika sirinji ya plastiki au kifaa cha mkono chenye vali, anavuta kidogo ili kutoa hewa, damu inaingia kwa uzi mwekundu ndani ya kontrasti angavu, na hapo hapaswi kusitasita: ama anasukuma, ama anaimwaga na kuchukua sirinji nyingine. Haiachwi juu ya meza ikisubiri. Kati ya picha na picha mrija husuuzwa. Waya unaotolewa hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa heparini. Mshipa ukifunguliwa kwa puto, muuguzi huchukua tone la damu kupima muda wa kuganda, kwa sekunde, na heparini huongezwa kama muda umeshuka.

Kifundo cha mkono nacho kina deni kwenye habari hii. Mshipa wa hapo ni mwembamba, na bila heparini mara nyingi huziba baada ya mrija kutoka. Kwa hiyo hata mtu anayekuja kupigwa picha tu, bila puto wala stenti, hupewa dozi yake. Aliyepigwa skani ya moyo kwa mashine ya CT yuko kwenye hali nyingine kabisa: kontrasti yake huingia kwenye vena ya mkono na kuchanganyika na damu nyingi kabla ya kufika moyoni, hakuna mrija ndani ya mshipa wa moyo wala waya wa kukusanya bonge. Hatari anayozungumziwa zaidi huyo ni mzio na figo.

Ioheksoli imeingia kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na ile chumvi ya zamani, amidotrizoati. Katika Afrika Mashariki vyumba vya namna hii vipo pia: Taasisi ya Moyo ya Uganda ilipata chake mwaka 2012, na Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015. Vyote vinategemea mnyororo wa viwanda vichache. Nyegaard ikawa Nycomed, ikaungana na Amersham, na mwaka 2004 ikanunuliwa na General Electric. Mwezi Aprili 2022 Shanghai ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kiwanda cha kampuni hiyo kilichokuwa kikitengeneza Omnipaque na Visipaque, yaani iodiksanoli, kilisimama kwa sehemu kubwa, na hospitali za Marekani na nchi nyingine zikaanza kupima matumizi kwa mililita. Picha zisizo za haraka ziliahirishwa. Wagonjwa wa mshtuko wa moyo walipewa kipaumbele. Uzalishaji ulirejea kufikia Juni, na sirinji zikajazwa tena kwa dawa ileile ya Almén, chini ya onyo lilelile lililochapishwa kwa herufi ndogo ndani ya boksi.